MTO KINYETI NA GHALA LAKE LA MAJI

Askari yeyote aliyefundishwa kusoma ramani anajua kwamba mto hauanzi pale mtu anapouvuka. Anayesimama ukingoni mwa mto Kinyeti katika mji wa Torit na kuyatazama maji yakipita, huyaona yakiwa katikati ya safari iliyoanzia mbali juu ya milima, mahali ambapo wengi wetu hatujapata kukanyaga. Maji hayo yalikuwa mvua kabla ya kuwa mto. Na baina ya kunyesha na kutiririka yalikaa mahali fulani siku nyingi, pengine miezi, yakingojea zamu yao. Makala haya yanakusudia kueleza mahali hapo ni wapi, maji huhifadhiwa namna gani, na kwa nini ulinzi wake umo mikononi mwa watu wavaao sare kuliko wao wenyewe wanavyodhani.

KILELE NA MTEREMKO

Mlima Kinyeti ndio mrefu kuliko yote katika Sudan Kusini. Kilele chake kina mita 3,187 juu ya usawa wa bahari. Kimo katika safu ya milima ya Imatong, jimbo la Ikwetoria Mashariki, karibu na mpaka wa Uganda, upande wa kusini-mashariki wa Juba. Chini ya milima hiyo hakuna vilima vingi vya kumtayarisha msafiri. Uwanda umetandazwa kama mkeka, kisha ghafla ukuta wa mawe umesimama mbele yake na vilele vyake vimefunikwa na mawingu.

Mawe hayo ni ya kale sana. Ni miamba migumu iliyopikwa kwa joto na kukandamizwa ndani ya dunia, kisha ikainuliwa na kupasuliwa na mikunjo na nyufa za ardhi. Mchanga na udongo wa uwandani, ambao ni wa zama za karibuni zaidi, umeizunguka miamba hiyo kama bahari inavyozunguka kisiwa. Kutoka katika nyufa na mabonde ya kisiwa hicho cha mawe hutoka mito inayotiririka mwaka mzima. Ateppi huelekea magharibi, Koss hupita upande wa mashariki kati ya Imatong na milima ya Dongotona, na Kinyeti hushuka kuelekea kaskazini.

Hebu tuipime njia ya Kinyeti kama tunavyoipima njia ya doria. Torit iko kiasi cha mita 600 juu ya usawa wa bahari. Kutoka kileleni hadi hapo, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilometa 60 tu. Maana yake ni kwamba ardhi hushuka karibu mita 2,600 katika umbali ambao kikosi chenye mazoezi huweza kuutembea kwa siku mbili. Lakini mteremko huo haukugawanyika sawasawa. Sehemu kubwa huishia Katire, kituo cha misitu kilicho chini ya mlima, kwenye kimo cha mita 1,000 hivi. Katika kilometa zisizozidi 20 za mwanzo maji hushuka zaidi ya mita 2,000, yakiruka majabali na kupiga makelele. Baada ya Katire yanatulia, na kutoka hapo hadi Torit ardhi hushuka mita nane au kumi tu katika kila kilometa.

Mto wa namna hii una tabia ya mwanajeshi kijana. Una nguvu nyingi na subira haba. Mvua kubwa ikinyesha juu, hapana kitu katika umbo la mlima kinachoweza kuyachelewesha maji yasiteremke yote kwa pamoja. Kinachoyachelewesha kimeota juu ya mlima, nacho ni msitu.

MVUA NA MSITU

Juba hupata mvua ipungukiayo kidogo milimita 1,000 kwa mwaka. Milima ya Imatong hupata kiasi cha milimita 1,500. Sababu yake si siri. Upepo wenye unyevu unapokutana na mlima hulazimika kupanda, na kila unapopanda hupoa. Ukishapoa hauwezi tena kubeba mvuke wote uliokuwa nao, nao hugeuka mawingu na mvua. Joto hupungua nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 za kimo, kwa hiyo kileleni kunaweza kuwa na baridi iliyozidi ya Torit kwa nyuzi kumi na tano. Mahali hapo mtu huvaa koti mchana, huku mwenzake wa Torit akitafuta kivuli.

Mimea nayo imepangwa kwa ngazi, kama vyeo. Chini kabisa kuna nyasi ndefu na miti ya savana. Katika mabonde ya chini yenye unyevu, mathalani Talanga, imo miti mirefu ya mkangazi. Juu yake huanza msitu wa milimani wenye podo, mizeituni-mwitu na miti mingine ya majani mabichi mwaka mzima, iliyovikwa kuvu na ndevu za ukungu. Kupita hapo kuna mianzi na mihagenia, na karibu na kilele kuna vichaka vya erika vinavyostahimili upepo na baridi. Mtaalamu wa mimea Thomas Ford Chipp, kutoka bustani mashuhuri ya Kew nchini Uingereza, alifika huko mwaka 1929 na kuandika habari za ngazi hizo. Baada yake, serikali ya kikoloni ilianzisha kazi za misitu Katire na Gilo, ikapanda misaji chini na saipresi juu, na kujenga viwanda vya kupasulia mbao. Gilo, iliyo kwenye kimo cha mita 1,800 na zaidi, ikawa maarufu pia kwa viazi mbatata.

Watu wengi huuona msitu huo kuwa ghala la mbao. Ni kweli, lakini ghala lake kubwa liko chini ya miguu. Majani yanayoanguka mwaka baada ya mwaka huoza na kuwa mboji. Mizizi, minyoo na wadudu huitoboa ardhi matundu yasiyohesabika. Mvua ikinyesha, matone hupigwa kwanza na majani, yakateleza kwenye matawi na vigogo, yakafika chini yamepoteza ukali wake, kisha ardhi ikayanywa. Kutoka udongoni huingia katika nyufa za miamba, na kutoka huko hutoka polepole kama chemchemi, hata wakati wa kiangazi, baina ya Novemba na Machi, ambapo mawingu yamekwisha ondoka.

HESABU YA MADUMU

Afisa wa ugavi hapendi maneno yasiyo na hesabu, basi natuhesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Milimita 1,500 kwa mwaka ni lita 1,500 juu ya kila mita ya mraba, yaani madumu 75 ya lita ishirini. Juu ya kilometa moja ya mraba ni mita za ujazo milioni moja na nusu.

Sasa tuchukue udongo wa msitu wenye kina cha mita moja, na tuseme, kwa mfano tu, kwamba sehemu moja ya tano ya udongo huo ni nafasi ziwezazo kushika maji. Kila mita ya mraba itakuwa na akiba ya lita 200, ambayo ni madumu kumi. Kilometa moja ya mraba itakuwa na madumu milioni kumi. Hapana jeshi duniani lenye matangi ya kutosha kubeba maji hayo, nayo yamewekwa pale bure, bila saruji, bila pampu na bila mlinzi wa zamu.

Tuigeuze hesabu hiyo. Msitu umekatwa, mboji imesombwa, na udongo umekuwa mgumu kama uwanja wa gwaride. Inanyesha mvua ya milimita 50 kwa saa mbili, kiasi kisicho cha ajabu katika nchi zetu. Juu ya kila kilometa ya mraba zimemwagika lita milioni 50. Zisipopata mahali pa kuingia, zitashuka. Zitashuka kwa mteremko ule ule tulioupima, mita mia na zaidi katika kila kilometa, zikibeba mawe na magogo. Siku ya pili mto utakuwa umejaa tope. Mwezi wa pili wa kiangazi utakuwa umekauka. Mvua ya mwaka mzima itakuwa ile ile, kwa maana hata msitu hauongezi maji kwa uchawi, nao hunywa sehemu yake. Kazi yake kubwa ni kuyagawa maji kwa wakati. Kamanda anayefyatua risasi zote saa ya kwanza, na kamanda anayezitunza hadi mwisho wa mapambano, walipewa idadi moja. Waliachana katika matumizi.

MFANO WA JIRANI

Wenzetu wa milima mirefu zaidi wamekwisha kuyaona haya. Magharibi ya Uganda iko milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita kina mita 5,109. Huko kuna akiba ya aina nyingine, nayo ni barafu. Msafara wa Mwitalia, Mtawala wa Abruzzi, uliichora barafu hiyo katika ramani mwaka 1906. Tangu wakati huo imepungua mno, na iliyobaki ni sehemu ndogo tu ya ile ya zamani. Kinyeti haina barafu ya kupoteza. Akiba yake yote imo katika udongo na mimea, na hiyo binadamu huweza kuimaliza kwa panga na kiberiti kabla ya jua kuimaliza.

Katika Rwenzori hiyo hiyo hushuka mto mdogo uitwao Nyamwamba, unaopita Kilembe na Kasese. Februari 2012 moto uliteketeza mimea katika sehemu ya juu ya bonde lake. Tarehe 1 Mei 2013 mvua kubwa ikanyesha, na Nyamwamba ukashuka na majabali, ukavunja madaraja na nyumba, ukaingia katika hospitali ya Kilembe. Mei 2020 ukarudia, na hospitali ile ile ikaharibiwa vibaya. Wataalamu waliochunguza gharika ya 2013 waliutaja ule moto miongoni mwa mambo yaliyoongeza madhara. Vichaka vya erika vilivyoungua Rwenzori ni ndugu wa vichaka vya erika vilivyo juu ya Kinyeti.

Wengine husema dawa ni bwawa. Bwawa ni jambo jema, na nchi jirani zimefaidika nalo. Nairobi hunywa maji ya bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 katika mto Thika, mto mdogo unaoshuka kutoka milima ya Aberdare. Bwawa hilo huweza kushika mita za ujazo milioni 70. Kwa hesabu yetu ya hapo juu, akiba hiyo ni sawa na ile iliyo katika udongo wa kilometa za mraba 350 za msitu mzuri. Lakini mwaka 2017, mvua zilipokuwa haba milimani, maji ya Ndakaini yalishuka sana, na wakazi wa Nairobi wakagawiwa maji kwa zamu. Ukuta wa bwawa hushika yale tu yaliyoletwa na mlima.

Huko Morogoro, nchini Tanzania, bwawa la Mindu lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika mto Ngerengere, unaopata maji yake kutoka milima ya Uluguru. Mji umelitegemea tangu wakati huo. Lakini mashamba yalipopanda miteremko na miti ikapungua, udongo ukaanza kushuka na mto na kutua ndani ya bwawa. Kila ndoo ya tope iliyotua humo imechukua nafasi ya ndoo ya maji. Kwa hiyo hata siku itakapoamuliwa kujenga bwawa katika Kinyeti, iwe kwa umeme au kwa maji ya mji wa Torit, swali la kwanza la mhandisi mwaminifu litakuwa: mlima uko katika hali gani? Bwawa lililojengwa chini ya mlima ulio uchi ni tangi la kukusanyia tope.

GHALA LA PILI: KINAMASI CHA BADIGERU

Baada ya Torit, Kinyeti huingia katika uwanda mpana na kuelekea kaskazini. Hapo ardhi hushuka mita moja au mbili tu katika kilometa nzima, na mto uliokuwa ukinguruma huko juu huanza kusitasita. Hutafuta njia, hugawanyika, hutambaa katika nyasi, na mwisho hujimwaga katika kinamasi cha Badigeru, mashariki ya mto Nile. Wengi hudhani kwamba kila mto wa nchi hii huishia katika Nile. Kinyeti, kwa kawaida yake, haufiki. Maji yake husambaa kinamasini, mengine yakanywewa na ardhi na mengine yakachukuliwa na jua.

Asije mtu akasema kwamba maji hayo yamepotea bure. Kinamasi hicho na mbuga zinazokizunguka ni sehemu ya nchi ya Badingilo, ambayo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1992. Mafuriko yakipungua, nyasi mbichi huota, na makundi makubwa ya wanyama huzifuata: swala kobu wenye masikio meupe, nyamera, tohe na swala wa Mongalla. Sensa iliyofanywa kwa ndege, ambayo matokeo yake yalitangazwa Juba Juni 2024, ilikadiria kwamba wanyama hao wahamaji katika Badingilo, Boma na nchi zilizo kando yake ni karibu milioni sita. Hapana uhamaji wa wanyama wa nchi kavu unaojulikana duniani ulio mkubwa kuliko huo. Serengeti yenyewe, ambayo sifa zake zimeenea kote, inafuata nyuma.

Hivyo tone lililoanguka juu ya jani la podo kileleni huweza kuishia katika unyasi unaotafunwa na swala. Kati ya mwanzo huo na mwisho huo limepita katika shamba la viazi Gilo, katika mtungi wa mama wa Katire na katika dumu la askari wa Torit.

MAJI NA MADARAKA

Wenyeji wa chini ya milima hii hawakungoja wataalamu kuwaeleza kwamba maji ni jambo la utawala. Kwa Walotuko na jirani zao, mwenye cheo cha kuita mvua alikuwa mtu mkubwa katika nchi, naye alipewa heshima na zawadi kwa ajili ya kazi hiyo. Lakini heshima hiyo ilikuwa na deni ndani yake. Mvua ikikatika, watu walimjia na kumdai, na katika habari za kale wamo waliolipa kwa maisha yao. Pamoja naye lipo rika la monyiomiji, watu wazima wenye kushika madaraka ya kijiji na ulinzi wake kwa muda wa miaka ishirini hivi, kisha hulikabidhi rika linalofuata. Mpango huo ungali hai hadi leo. Ukiuangalia vizuri utaona kwamba ulinzi wa kijiji na ulinzi wa vitu vinavyokilisha kijiji havikuwekwa katika mikono miwili tofauti.

Historia ya vita nayo imeandikwa katika milima hii. Torit ndipo askari wa Equatoria Corps walipoasi tarehe 18 Agosti 1955, na wengi wao wakakimbilia porini na milimani. Baadaye Anya-Nya chini ya Joseph Lagu waliweka makao yao Owiny-Ki-Bul, upande wa magharibi wa Imatong, karibu na mpaka wa Uganda. Katika vita vya pili, vilivyoanza mwaka 1983 na kumalizwa kwa mkataba wa amani wa Januari 2005, Torit ulitekwa na kutekwa tena mara kadhaa kati ya 1989 na 2002. Katika miaka hiyo yote, aliyekuwa milimani aliishi kwa sababu chemchemi hazikukauka na miti ilimficha. Mlima uliwanywesha wapiganaji wa kila upande, na haukumwuliza mtu anatoka kabila gani.

Vita vilisimamisha viwanda vya mbao na kuifunga njia ya Gilo. Kwa upande mmoja msitu ulipumzika. Amani ilipokuja, na tena baada ya misukosuko ya 2013 na 2016, watu walirudi wakihitaji nyumba, mashamba na kitu cha kuuza. Hapana wa kuwalaumu kwa kutaka kuishi. Lakini shoka linalokata mti wa makaa katika mteremko wa juu, moto unaowashwa wakati wa kiangazi ili kufukuza wanyama, na shamba linalolimwa kutoka juu kwenda chini bila matuta, vyote hufungua mlango wa ghala tulilolihesabu.

WAJIBU WA WENYE SARE

Hapa ndipo jambo hili linapogonga hodi katika kambi na vituo vyetu. Gunia la makaa halina mbawa. Likitoka mlimani hupita katika barabara, na katika barabara kuna kizuizi, na kizuizini yupo askari. Gogo la podo haliwezi kufika sokoni bila kuonwa na mtu mwenye kofia ya serikali. Vivyo hivyo nyama ya wanyama waliouawa Badingilo kwa biashara. Walinzi wa wanyamapori ni wachache na nchi ni pana. Lakini jeshi na polisi wako kila njia. Kwa hiyo hatima ya mlima, kwa kiasi kikubwa, huamuliwa pale kizuizini, katika dakika tano ambazo lori limesimama. Askari anayepokea kitu kidogo na kuinua kamba huona ameuza ruhusa ya kupita. Kwa kweli ameuza maji ya kiangazi ya wenzake wa Torit, pamoja na ya watoto wake mwenyewe.

Ni lazima pia tuseme wazi yale yanayosemwa sokoni kwa kunong'ona. Wapo wachache ambao gari la kazi wamelifanya gari la makaa. Raia akiona gari la namna hiyo hakumbuki nambari yake. Hukumbuka rangi yake, na lawama hutuangukia sote. Mkuu wa kikosi anayelikomesha jambo hilo katika kambi yake analinda jina la jeshi na mto kwa amri moja.

Yako mengine yasiyohitaji amri kutoka juu. Kambi iliyo kando ya mto ifuate utaratibu wa zamani wa kuteka maji: maji ya kunywa yatekwe upande wa juu, wanyama wanyweshwe chini yake, na kufua na kuoga kuwe chini zaidi. Vyoo vichimbwe mbali na ukingo, na maji ya kunywa yachemshwe hata kama yanang'aa. Kuni ziwe za miti iliyokauka yenyewe, wala usikatwe mti ulio ukingoni, kwa maana mizizi yake ndiyo inayoshika kingo. Jiko la mafiga matatu lililozungushiwa udongo hula kuni chache kuliko moto ulio wazi. Doria inayolala mlimani wakati wa kiangazi izime moto wake kwa maji na udongo, na kiongozi wa doria auguse majivu kwa mkono wake kabla ya kutoa amri ya kuondoka. Kambi yenye nafasi ipande miti, kisha iwekewe mtu wa kuimwagilia kwa zamu kama lindo lingine lolote, maana mti uliopandwa siku ya sherehe bila mlinzi huwa chakula cha mbuzi kabla ya mwezi kwisha.

Wala ndugu zetu wa Juba wasidhani kwamba habari hizi ni za watu wa Torit peke yao. Makorongo yanayopita katika mitaa ya Juba hufuata kanuni ile ile. Vilima vya Jebel Kujur vikibaki mawe matupu, mvua ya saa moja hugeuza njia kuwa mto, na baada ya siku mbili vumbi hurudi. Mbao za paa, viazi vya sokoni na makaa ya jikoni mwa Juba huunganishwa na milima ambayo wengi wa wakazi wake hawajaiona.

Ndugu msomaji, katika mafunzo tuliambiwa kwamba kikosi cha akiba ndicho kinachoamua vita virefu, na kwamba kamanda asiye na akiba amekwisha shindwa hata kama bado hajajua. Akiba ya Kinyeti iko juu ya Katire, katika udongo mweusi uliofunikwa na majani. Inajazwa kila mwaka kuanzia Aprili, na mvua hizo hazitakoma kunyesha kwa sababu yetu. Yatakayoamuliwa na mikono yetu ni kama zitakuta mahali pa kuingia. Basi, afisa atakayesimama kesho asubuhi kukagua kuni za jiko la kambi yake, na asiulize tu kama zimetosha. Na aulize zimekatwa wapi.